Kishikwambi cha Mwalimu Georgina na Saa ya Kiswahili

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na watoto mliojipanga hapo kivulini: mugonile nyote!

Sisi wafinyanzi na wavuvi, wazazi wa Shule ya Msingi Mwambao hapa Mwaya, tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwa mikono ambayo mingine bado ina udongo, maana tumetoka kazini moja kwa moja. Tunakushukuru sana kwa kuja mwenyewe kuliona darasa la tatu kabla hujaitia saini ile barua.

TULIKOTOKA

Mwalimu Georgina alipangiwa hapa miaka tisa iliyopita akitokea Tabora. Aliwakuta watoto wetu wanaongea Kinyakyusa na Kikisi, Kiswahili wanakiokoteza. Leo watoto hao wanatusomea barua sisi wazazi wao.

Mwaka juzi masikio yake yakaanza kumtupa mkono, mwaka jana yakaziba kabisa. Alilia, mgeni rasmi, tusikufiche. Kisha akapata kishikwambi chenye programu inayoandika maneno ya watu wanapoongea. Mtoto anajibu, yeye anasoma. Darasa likarudi kuwa darasa.

CHANGAMOTO

Mwezi wa pili programu ikagoma. Ikataka kusasishwa, na bila hivyo haifunguki. Mtandao wa simu huku kwetu unasuasua, kwa hiyo ilibidi kishikwambi kiungwe kwa waya kwenye kompyuta ya ofisi. Kila akijaribu, kompyuta inamwandikia: "Hitilafu ya mtandao."

Akabadilisha waya. Akabadilisha laini. Akazima na kuwasha mpaka kidole kikachoka. Mwishowe akaipakia kompyuta kwenye bajaji hadi Mbugani, mlinzi wetu Mzee Nsajigwa akimsindikiza, wakaenda kwa fundi Isack ambako mtandao una nguvu. Wapi! Yakawa yale yale.

"Mwalimu, mtandao hauna kosa," Isack alimwandikia kwenye karatasi. "Kitu kiko humu humu ndani."

Wiki tatu alifundisha kwa kusoma midomo. Mtoto akisema "baba" yeye anaona "mama", maana midomo hufunguka sawasawa. Ndipo ikaja rasimu ya barua ya kumhamishia stoo ya vitabu mjini. Aliikunja, akaichomeka kwenye daftari la mahudhurio, akaendelea kusahihisha. Moyoni alikuwa ameshafunga virago.

MAFANIKIO

Jumatano moja jioni Mama Asegelile, mfinyanzi mwenzetu, alimpelekea mwalimu chungu alichoagiza. Akamkuta kainamia mezani, kishikwambi huku, kompyuta huku. Mama Asegelile macho yake yamezoea kutafuta ufa. Akatazama kimoja, akatazama kingine, akanyoosha kidole. Kishikwambi kilionyesha 4:10. Kompyuta ilionyesha 10:10.

"We! Hii nayo imewekwa saa ya Kiswahili!"

Georgina hakusikia neno, ila alikiona kidole. Saa kumi na dakika kumi! Akapiga meza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Asegelile naye akacheka bila kujua wanacheka nini hasa.

Ni hivi, mgeni rasmi. Betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta ilikufa. Umeme ukikatika, saa inapotea, na Mzee Nsajigwa kwa moyo mweupe huirudisha kama anavyoitamka: ikiwa saa moja asubuhi, anaandika moja. Hata kule Mbugani aliiweka yeye. Sasa mitambo inayotoa sasisho, ikiona saa haziendani, inadhani kuna mtu mjanja, inafunga mlango, halafu lawama unatupiwa mtandao. Mzee Nsajigwa ndiye anayekusomea risala hii, kwa hiyo akikohoa hapa umvumilie.

Mwalimu akarekebisha saa. Nusu saa tu, kazi ikaisha. Kesho yake darasa zima likamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwalimu!" Kishikwambi, ambacho Kinyakyusa hakijui, kikaandika "Ndege, mwalimu." Akachungulia dirishani kumtafuta huyo ndege. Watoto hawakuwa na mbavu.

MAOMBI

Tunaomba betri moja ya saa, ndogo kama kifungo cha koti. Isack ameahidi kuja kuiweka, na Mzee Nsajigwa ameahidi hatagusa tena.

Kuhusu barua, hatuna la kusema mbele ya mkubwa wetu. Tunaomba tu uingie darasa la tatu, ukae dawati la nyuma, umsikilize mtoto yeyote akijibu, kisha umtazame mwalimu wake usoni.

SHUKRANI

Mgeni rasmi, Mungu akulinde njiani, akupe afya, na kalamu yako aipe subira.

Na wewe Mwalimu Georgina, uliyekaa mstari wa mbele ukiyasoma haya kwenye kishikwambi yanavyotoka: ndaga fijo. Tunajua hapo kimeandika "ndege fisi". Wewe unajua tumesema nini.

Ni sisi,
Wazazi Wafinyanzi na Wavuvi,
Shule ya Msingi Mwambao, Mwaya, Kyela.