Siku Bi Povu Alipovua Aproni

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika baa ya hoteli yetu, Bi Povu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Jina hilo alipewa na wateja, maana bia anayomimina yeye hukaa na povu la vidole viwili na haimwagiki hata tone. Sisi wengine tumejaribu, tukaishia kupiga deki.

Alianza kwa kuosha glasi. Enzi hizo mwanamke aliyekuja peke yake hakuruhusiwa kuketi baani. Jambo hilo lilimkera sana, kwa sababu mama yake alikuwa mpika pombe tangu ujana, na pombe hiyo ndiyo iliyowasomesha yeye na ndugu zake. Kuipika, ruksa. Kuinywa mbele za watu, mwiko.

Siku moja, Bi Povu akiwa tayari mhudumu wa kaunta, mama huyo alikuja kuona mwanawe anakofanyia kazi. Akavuta kiti, akaketi. Bawabu akamfuata mbio.

"Samahani mama, hapa mwanamke haketi bila mwenyeji."

"Mwenyeji wake ni mimi," alijibu Bi Povu, akamwekea glasi.

Meneja wa wakati huo akaja juu: mama atoke, au binti aache kazi. Bi Povu alivua aproni, akaikunja vizuri, akazunguka kaunta na kuketi kando ya mama yake. Nyumbani alikuwa na mtoto mchanga, na kibarua kilikuwa hicho hicho kimoja. Mpishi, dada asiyejua woga, akatoka jikoni naye akaketi. Wakafuata kina dada wa dobi. Ukumbi umefurika wateja, wa kuwahudumia hayupo. Meneja akajaribu kumimina mwenyewe, bia ikamlowesha mpaka viatu. Wateja wakagonga meza: "Mrudishe! Mrudishe!"

Akamrudisha. Mama akaionja bia yetu, akatikisa kichwa: "Baridi ni nzuri. Pombe yenyewe bado changa."

Kibao cha marufuku kiling'olewa juma hilo hilo. Bi Povu akapanda hadi mkuu wa baa, kisha akaushawishi uongozi ujenge kiwanda kidogo nyuma ya jiko. Bia ya humo hupikwa na wanawake watupu, na ndiyo inayoongoza kwa mauzo.

Kina dada tuliokuja baadaye hatujawahi kuulizwa tumekuja na nani. Asante, Bi Povu. Tunakutakia afya tele, usingizi mtamu wa asubuhi na wajukuu wasiochoka kukusikiliza.