Jina Lililobaki Sikioni

Blupu.

Povu moja tu, usiku wa kuamkia leo, ndani ya chupa ya mashine hii inayonipa hewa. Kisha kimya, maana umeme ulikuwa umekatika. Ninyi mlikuwa mmelala. Mimi nilikaa macho gizani, hapa hapa Dunda, nikisikiliza kifua changu kikihangaika peke yake mpaka taa iliporudi, na nikajua safari imekaribia. Sikilizeni basi, wanangu, ningali na pumzi ya kusemea.

Samia, Ausi, kaeni karibu. Na wewe Mwishehe, mume wangu, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuposa. Wosia huu una sehemu yako.

Mapafu yangu yamekakamaa. Nimeyatafiti magonjwa ya pumzi maisha yangu yote, kwa hiyo msinifiche kitu. Kucha zangu mnaziona zilivyo za bluu. Kitakachofuata ni usingizi wa mchana, mzito, mtamu. Msije mkafurahi mkasema mama leo amepumzika, kwani huo ndio mlango wenyewe. Msinikimbize Dar kuwekewa mpira kooni. Nielekezeni kibla, mniache.

Shamba la mananasi la Kiwangwa mgawane kwa sheria, bila kuvutana. Baba yenu asihamishwe nyumba hii. Samia, wewe unayefanya kazi wodi ya watoto, nakuachia chupa niliyoibuni. Mpira mwembamba puani mwa kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati, mwisho wake umezama majini. Pumzi inayotoka inakutana na maji, na mapafu yale laini hayasinyai. Maadamu mapovu yanasikika, hewa inafika. Yakinyamaza, kimbia. Wenzangu walitaka chupa ile iitwe kwa jina langu. Nilikataa. Mpaka leo haina jina, na sababu imesimama mlangoni pale.

Kabla yako, Samia, palikuwa na mwingine. Binti. Alizaliwa mdogo, akiguna kila anapotoa pumzi, mbavu zikibonyea. Baba yenu alimwadhinia, akamnong'oneza jina sikioni, na katika ukoo wao baba hamwambii mtu jina hilo, hata mama, mpaka siku ya saba nywele zinaponyolewa. Siku ya saba haikufika. Wodini walikuwa wamemwandika "mtoto wa Wahida", yaani mtoto wangu mimi, basi. Na hivyo ndivyo alivyokwenda kaburini. Nikamwuliza baba yenu, "Ulimwita nani?"

Akasema, "Kifo kilimchukua bila kumjua jina. Kikilisikia, kitarudi kuwatafuta ndugu zake."

"Hata mimi niliyemzaa?"

"Hata wewe."

Ulipozaliwa wewe, Samia, nikamwomba tukupe lile lile. Akajibu, "Lile lina mwenyewe."

Ndipo nikaenda kusoma. Kila kifua cha kichanga nilichokitegea sikio, nilikisikiliza kana kwamba kitalitaja.

Mwishehe, sikulaumu kwa kifo chake; hapakuwa na chupa wakati ule. Nakulaumu kwa kimya. Leo kifo kimeshaingia ndani, kimekaa kitandani kwangu, hakihitaji kuelekezwa kwa jina la mtu. Nami naogopa, si kufa. Wanasema watoto wachanga huwasubiri mama zao mlangoni pa pepo. Watakuwa wengi pale. Wangu nitamwitaje?

Ausi, usifutie machozi pazia langu, limefuliwa juzi. Fungua dirisha. Mnizike kando yake, baba yenu anapajua. Samia, jina likitajwa, liandike kwenye chupa, mama wengine walisome. Pendaneni. Mungu awape vifua vipana... na watoto wenye... sauti kubwa.

Umeme tena. Mmesikia? Mapovu... yamenyamaza. Ausi, acha hiyo swichi. Acha, baba.

Mwishehe. Sogea. Weka mdomo hapa... ulipouweka kwake. Ndevu zako... zina baridi. Sema, mume wangu. Nasikili...

"Maulida."