Nasma na Pikipiki ya Kiti cha Kanga

Nyie mliohamia Dar na Mtwara, mna muda gani hamjatia mguu redioni kwetu? Mpaka Nasma astaafu ndiyo mnaulizana njia! Haya, kaeni msome. Mimi shule sikwenda. Maneno ni ya bibi yenu wa chai, Sana wa mapokezi ameyaandika tu, na nimemkataza kuyapamba.

Nasma Abdulrazak ameitumikia redio yetu hapa Kilwa Masoko miaka ishirini na miwili, na tarehe 30 Juni 2025 anaweka chini kinasa sauti chake. Alikuja akitokea duka la vitambaa, ana sauti nzuri, adabu tele, na chai sukari vijiko vinne. Siku yake ya kwanza hewani alisoma taarifa ya habari nzima maikrofoni imezimwa, akamaliza, akasema asanteni. Tulicheka mpaka adhuhuri.

Kazi iliyomjengea jina mnaijua juu juu tu. Mwaka 2016 Mfaume, dereva wa bodaboda wa Kinjumbi, alinyang'anywa pikipiki na afande mmoja kizuizini. Jina la afande nalimeza. Mfaume alipoifuatilia kituoni akabambikiwa kesi: eti pikipiki ni ya wizi, na mwizi ni yeye. Akawekwa mahabusu. Mkewe, Warda, akaja kukaa jikoni kwangu na mimba ya miezi minane. Hakulia. Aliuliza tu, "Bibi, akifungwa, huyu mtoto nimwambie baba yake mwizi?"

Mhariri wetu aliogopa, na simlaumu. Ushahidi hatukuwa nao. Nasma akachukua karatasi ya vitu vilivyopotea, ile inayosomwa kila asubuhi. Katikati ya mbuzi na cheti cha kuzaliwa akasoma: "Imepotea pikipiki nyekundu, kiti kimefunikwa kanga ya zambarau yenye korosho. Aliyeiona atupigie."

Kesho yake akarudia. Afande mwenyewe akaja, viatu vinang'aa. "Mama, hilo tangazo liondoe."

"Afande, mali ya mtu imepotea, tunasaidia kutafuta," Nasma akamjibu. "Au wewe unajua ilipo?"

Akaondoka hata chai yangu hakuigusa.

Siku ya tatu msikilizaji wa Kipatimu akapiga simu, tena hewani: "Hiyo pikipiki yenu inabeba mihogo ya shemeji yake afande! Namba ni nyingine, lakini kanga ndiyo hiyo hiyo." Namba walibadilisha, kiti wakakiacha. Wanaume hao! Hawakukumbuka kwamba kanga ni doti, vipande viwili, na kipande cha pili Warda alikuwa amejifunga kiunoni. Nasma akapanda naye hadi Kipatimu, na tumbo lile, na barabara ile. Nilimgombeza sana kwa hilo. Wakaikuta pikipiki imeegeshwa gulioni. Akapiga picha, Warda kasimama kando yake, kanga kwa kanga.

Habari ikasomwa. Ndani ya wiki watu wanane wengine wakajitokeza kusema pikipiki zao nazo zilichukuliwa vilevile. Wakubwa wa polisi wakaja kuchunguza, afande akafikishwa mahakamani, na Mfaume akafutiwa kesi, akatoka siku nne kabla ya mtoto kuzaliwa. Mtoto wa kike. Anaitwa Nasma, na mdomo ni wa somo yake.

Watangazaji wote mnaowasikia leo kawafunza yeye. Kasoro anayo: hajawahi kuosha kikombe chake. Miaka yote hiyo nimekiosha mimi.

Nasma mwanangu, umefanya kazi, ahsante. Kalale mpaka jua likuchome. Mungu akupe afya, magoti yasikuume, na wajukuu wakusumbue kidogo tu.

Na nyie, mkija tena, mwambieni Mfaume awapeleke kwake Kinjumbi. Pale kizuizini msipite kama hamjaona mtu. Aliyepo sasa ni Afande Valentini, na akikamata pikipiki humpa mwenyewe karatasi yenye sahihi. Simameni, mumsalimie kwa jina.