Mama Kwamboka na Safari za Kwenda Kibaoni

Baada ya miaka ishirini na sita katika hospitali yetu, Mama Gertrude Kwamboka anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Wengi wetu tulimkuta kazini, na ndiye aliyetufundisha kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo wala kumvunjia heshima.

Alitoka Nyamira, Kenya, akafika Birmingham na mtoto mgongoni na koti lisilofaa kitu kwa baridi ya huku. Alianza kwa kufanya usafi wodini. Jioni akasoma, hatimaye akavaa sare ya msaidizi wa tiba ya viungo. Sare hiyo ameipiga pasi kila siku kana kwamba anakwenda kanisani.

Nyuma ya hospitali kuna uwanja wenye matuta ya nyasi. Ni mabaki ya ngome ya Warumi, ya enzi zile jeshi lao liliposukuma mipaka ya dola yao hadi huku, na kibao cha chuma kinaeleza habari hiyo. Sisi tulikipita tu tukikimbilia basi. Mama Kwamboka alikifanya kituo: mgonjwa wa kiharusi akishaweza kusimama, lengo lake lilikuwa kufika kibaoni, kukigusa na kurudi.

Mzee Dubow, dereva wa teksi wa mtaa wa Balsall Heath mwenye asili ya Garissa, aligoma kutoka kitandani.

“Mzee wangu, askari wa pale walitembea kutoka mbali sana,” Mama alimwambia. “Mimi nakuomba uvuke nyasi tu.”

“Wao walikuwa na miguu miwili,” Mzee akajibu, uso ameugeuzia ukutani.

“Hata wewe unayo. Mmoja umelala. Twende tukauamshe.”

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. Wiki kadhaa baadaye alikigusa kibao kile akiwa amesimama mwenyewe. Alilia, na Mama akalia naye, kisha akamkumbusha kwamba bado kuna kurudi.

Mwaka juzi ulitoka mpango wa kupanua maegesho ya magari na kukihamishia kibao ng’ambo ya barabara kuu. Huko mgonjwa anayejifunza kutembea hawezi kufika. Mama aliandika barua, hazikujibiwa. Basi meneja wa majengo, Bwana Amarjit, alipokuja kupima uwanja, alikuta wagonjwa wa zamani wa Mama wamekizunguka kibao, baadhi na mikongojo, wote wamekuja kwa miguu yao. Mzee Dubow alikuwa mbele.

“Hapa ndipo nilipojua nitarudi kwangu nikitembea,” akamwambia. “Wenzangu walio wodini leo watajulia wapi?”

Bwana Amarjit aliwasikiliza mmoja mmoja, akakunja futi yake. Mpango ukachorwa upya na kibao hakikung’olewa. Siku hiyo tulijivunia sote kufanya kazi na mama huyu.

Tulitaka kuweka benchi lenye jina lake pale uwanjani. Alikataa katakata, akasema fedha hizo zipanue njia ili viti vya magurudumu vipite. Mafundi wameanza Jumatatu.

Mama Kwamboka, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako wenye huruma, na kwa chai ya tangawizi. Wajukuu wako kule mtaa wa Acocks Green wanakusubiri, nasi tunawaonea wivu. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi usio na kengele, na miaka mingi ya furaha.