Picha Iliyolalia Kitufe

Basi lilikuwa limeshaacha kituo wakati mama mmoja, fundi cherehani, aliyekaa mbele yangu alipomsukumia simu mzee wa kando yake. Hawakujuana. Mzee alikuwa amejisemea tu kwamba zamani alitengeneza tovuti, na hilo likamtosha mama.

"Tazama, baba! Tovuti ya duka langu, nimeijenga mwenyewe bila kuandika msimbo wa kompyuta. Unaburuta picha, unaiachia unapotaka. Kwenye kompyuta inameremeta. Kumbe kwenye simu picha ya gauni imelalia kitufe cha kuagiza! Msimu mzima wa harusi sikupata oda. Nikamvaa rafiki yangu, fundi mwenzangu, mbele za watu kwamba ananiibia wateja. Sasa naendaje kumtazama usoni?"

"Pole, mwanangu. Hata sisi tulikuwa na programu za kuburuta. Walituapia kwamba unachokiona ndicho atakachokiona mteja. Ukifungua kwenye kompyuta ya jirani, kichwa cha ukurasa kiko miguuni."

"Na mpaka leo wanauza uongo uleule?"

"Umepambwa tu. Lakini simu unashinda nayo. Hukuijaribu tovuti humo?"

"Kwani niliambiwa? Mimi nikishona gauni, mteja asimame, akae, gauni ni lilelile!"

"Akinenepa je?"

Tulicheka hadi kondakta. Mama hakucheka.

Basi likasimama kituo cha mwisho, tukateremka sote. Mama alishuka bado anamlaani aliyebuni huko kuburuta. Mbele ya kituo, fundi aliyemwelekea, bila shaka yule rafiki yake, alikuwa anashona barazani, akamwona anakuja, akaendelea kushona. Mzee alienda zake na mimi nikapanda basi jingine.