Hodi ya Mwalimu Josephu Gaudensi Ndunguru

Baba Paroko, masheikh na majirani wa Rahaleo, viongozi wa kampasi, ndugu zetu mliowasili jana kutoka Mbinga, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuisimulia safari yake, nami nitaisema kama yeye alivyopenda mambo yasemwe, polepole na bila kumnyooshea mtu kidole.

Mwalimu Josephu Gaudensi Ndunguru alizaliwa tarehe 19 Machi 1966, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ambayo ndiyo iliyompa jina, katika kijiji cha Maguu, wilaya ya Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gaudensi na mama Kolastika, wakulima wa kahawa, ambao wote wamekwisha kututangulia.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Maguu mwaka 1974, akamaliza la saba mwaka 1980, akasoma sekondari Songea kuanzia 1981 hadi 1984, kisha kidato cha tano na cha sita Iringa, na baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa, Mafinga, alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Oktoba 1988, kusomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Habari ya kuchaguliwa kwake ilitangazwa kanisani baada ya misa, mama akavishwa vitenge, watu ambao hata hatukuwa na undugu nao wakaleta kuku, na baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwambia padre, "Baba, chuoni kinakwenda kijiji kizima, huyu mwanangu amebeba begi tu." Marehemu aliikumbuka siku hiyo maisha yake yote, lakini hakuigeuza fimbo ya kuwachapia vijana wa leo, alisema tu kwamba zamani chuo kilikuwa kimoja na watu walikingoja, siku hizi vyuo ni vingi na vyenyewe ndivyo vinavyongoja watu, na anayengoja hana budi kujifunza adabu ya kungoja.

Alihitimu mwaka 1992, akapangiwa kufundisha sekondari Newala, mwaka 1996 akahamishiwa hapa mjini, na mwaka 2013, akiwa na shahada ya uzamili, aliajiriwa na kampasi ya chuo kikuu cha umma ya hapa Mtwara, kwanza kufundisha Historia, halafu, kuanzia Januari 2015, kusimamia udahili, yaani kutafuta wanafunzi, kuwapokea na kuwasajili, kazi ambayo wengi walidhani ni ya kukaa mezani, kumbe ilikuwa ya kutembea. Vijana walikuwa wakijaza maombi yao kwa simu, wanachaguliwa vyuo vitatu au vinne kwa mpigo, na ikifika Oktoba, madarasa ya hapa yanabaki na viti vitupu, wengine wamekwenda Dar es Salaam, wengine wamechukua kozi fupi za afya kwenye vyuo binafsi, wengine wamebaki nyumbani na mikorosho, na hakuna aliyepiga simu kusema haji.

Mwaka 2016 kampasi iliamua kuwafuata vijijini, wakafunga spika juu ya gari, wakachukua fulana na vipeperushi, na dereva wa kampasi, ndugu yetu Kassimu Fadhili, ambaye yuko nasi hapa, aliwapeleka hadi Msimbati, upande wa Mnazi Bay, wakazunguka kijiji chote wakitangaza, watoto wadogo wakakimbilia fulana, watu wazima wakaendelea na shughuli zao. Mama mmoja, Mwanahamisi, aliyekuwa akimenya muhogo barazani kwake, na ambaye binti yake Tatu alikuwa amechaguliwa chuoni hapo lakini hakupelekwa, alimwita marehemu kwa mkono akamwambia, "Mwalimu, mnawaita watoto wetu kwa spika kama mnauza dawa ya panya, halafu mnashangaa hawatoki? Mtu anayemtaka mtoto wa mwenzie hufika kwao, akapiga hodi, akasema katumwa na nani." Na Kassimu, ambaye kwa miaka yote ile hakuacha kumtania kaka yetu, akamalizia njiani, "Ndiyo shida ya kutembea na mtu wa milimani, huku kwetu hodi haipigwi kwa honi."

Mwingine angeona amefedheheshwa, yeye aliona amefundishwa. Wiki iliyofuata alirudi Msimbati bila spika, akamfanya Kassimu mshenga wake, wakaacha gari mbali, wakaingia kwa miguu, wakapiga hodi kwa Mwanahamisi, wakangoja hadi walipokaribishwa mkekani, wakajitambulisha wametumwa na nani na watamtunza binti kwa namna gani, na Tatu akatolewa. Kuanzia hapo hiyo ndiyo ikawa njia yake, kila Julai, watu wakiwa katika kupulizia mikorosho dawa ya salfa, yeye na Kassimu walikwenda nyumba kwa nyumba, hadi sokoni Chikongola wakaanza kumuuliza, "Mwalimu, mwaka huu unaoa wangapi?" naye akajibu, "Watakaokubali kwao."

Hakuwadanganya wazazi. Walipomuuliza ni waendesha bodaboda wangapi wa mjini wenye digrii, aliwajibu kuwa anawafahamu kadhaa na ndio wanaomrudisha nyumbani, na kwamba chuo humpa mtu njia ya kufikiri, ajira inatolewa na wengine. Wapo walioridhika na jibu hilo, wapo waliomshukuru wakamsindikiza bila kumpa mtoto, naye hakuwahi kusema kwamba hawa wa pili walikosea.

Tarehe 24 Juni 1995 alifunga ndoa takatifu na Martha Isaya, mwalimu mwenzake kutoka Masasi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gladness aliyezaliwa 1996, Andrea 1999 na Kelvin 2004. Kelvin alipomaliza kidato cha sita mwaka jana alichagua chuo cha ufundi, akajifunze kuchomelea mabomba, na watu wakamcheka baba yake, wakisema ni mpishi gani huyu ambaye mwanawe anakula kwa jirani. Marehemu alimnunulia Kelvin miwani ya kuchomelea, akaivaa yeye mwenyewe siku nzima hapa uani akipalilia maua, Shemeji Martha akapiga kelele, "Baba Gladness, vua hiyo, wageni wanakuja!" na huo ndio ukawa mjadala wote uliofanyika katika nyumba hii kuhusu jambo lile.

Mwanzoni mwa mwaka huu kampasi ilitoa taarifa kwamba masomo ya Historia na Kiswahili yatasitishwa yasipopata wanafunzi wapya thelathini, na hayo ndiyo masomo yaliyomtoa yeye Maguu. Tangu Februari kisukari kilikuwa kimeanza kumshambulia figo, daktari akamwambia apumzike, lakini Julai alimwomba Kassimu wapige hodi nyumba chache tu, na ya mwisho ikawa ile ile ya Msimbati, kwa sababu Latifa, mdogo wake Tatu, alikuwa amemaliza kidato cha sita na alipenda Historia.

Safari hii Mwanahamisi aliwapa uji, akawauliza hali za nyumbani, kisha akasema maneno ambayo marehemu alitusimulia zaidi ya mara moja, "Mwalimu, wa kwanza nilikupa, ukanirudishia na joho, na tangu 2019 anafundisha kwa kujitolea. Joho halichemshi uji. Nikupe na wa pili?" Kaka yetu alimkubalia mama yule kwamba anasema kweli, akamwambia kuwa akiona ni vyema kumpeleka Latifa kwingine au kumbakiza nyumbani, hodi ya kumsalimia itapigwa vile vile. Mwanahamisi akasema atafikiri. Wakaondoka.

Septemba alilazwa katika hospitali ya rufaa, akaanza kusafishwa damu, Oktoba chuo kikafunguliwa, na kila Kassimu alipofika wodini marehemu alimuuliza neno moja tu, "Msimbati wameitika?" na Kassimu, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumfariji mgonjwa, alijibu, "Bado, bwana." Jumatatu jioni aliuliza tena, akajibiwa vile vile, akatabasamu akasema wana haki ya kukaa kimya, na Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia akiwa na mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, uongozi na wafanyakazi wa kampasi, Jumuiya ndogondogo, majirani wa Rahaleo mliotupikia bila kuuliza dini ya mlaji, na Kassimu, mshenga wetu, ambaye tangu Jumanne hajaondoka katika ua huu ila mara moja tu, leo asubuhi.

Limebaki jambo moja ambalo Shemeji Martha ameniagiza nilisome mwisho. Jana mchana mtu alipiga hodi getini mara tatu, akangoja hadi tulipomkaribisha, akakaa mkekani na akina mama, akajitambulisha kuwa ni Mwanahamisi wa Msimbati, na aliofuatana nao ni binti zake, Tatu na Latifa, akasema, "Aliyekuja kwangu kwa hodi, jibu lake sitalituma kwa simu. Nimechelewa, lakini nimekuja." Leo asubuhi, siku ya mwisho ya usajili, Kassimu alimpeleka Latifa kampasini, akasajiliwa Historia na Kiswahili. Bado hawajatimia thelathini, viongozi wamesema watakaa walitazame, nasi hatuwashiki shati, kwani nao wana mizigo yao. Ila Latifa yupo hapa, amekaa na mama yake na dada yake kwenye mkeka wa pili.

Kaka, pumzika sasa kwa amani. Msimbati wameitika.