Jina Moja Kwenye Ratiba ya Zamu

Mgeni rasmi, leo kabla hakujapambazuka tulisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini polepole, kwa adabu. Alikuwa Akimana, muuguzi na mkunga, akipasha uji bila kuamsha watu. Ndipo tukajua kwamba zamu imebadilika tena. Karibu sana kwetu, na pole kwa barabara kutoka Kibondo.

SISI NI NANI
Ni bibi kumi na mmoja tunaolea watoto wa watumishi wa kituo hiki cha afya. Zamani zamu ilikuwa ya urefu wa saa nane. Mwaka jana ikawa ya saa kumi na mbili kwa mkupuo, wiki ya mchana, wiki ya usiku. Hatukuitisha mkutano kuunda kikundi. Tulikutana tu njiani, kila mmoja na mtoto mgongoni.

MAFANIKIO
Zamu ndefu ina mema yake na hatuyafichi. Mjamzito akifika asubuhi huhudumiwa na mikono ileile mpaka jioni. Muuguzi hupata siku za kupumzika, akapalilia maharage yake. Wajukuu wetu wamejua kucheza bila sauti, maana mama zao wamelala mchana, na wageni hutusifu kwa malezi. Baba zao wamejua kusonga ugali. Tukimwambia muuguzi "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, huitikia vizuri, kisha huyo, anakwenda kulala.

Ratiba nayo inapendeza. Hutoka ofisini kwako Kibondo Ijumaa jioni, imechapwa, na zamu za usiku zimepakwa bluu nzuri.

CHANGAMOTO
Ni moja tu. Reine, mtoto wa Akimana, ana miezi mitano na bado hajajifunza kusoma ratiba. Maziwa ya kikombe anayatema. Bibi yake, Vestina, ambaye ndiye anayesoma risala hii, alikuwa akimbeba mpaka getini.

"Bibi, sasa si saa ya kuona wagonjwa," mlinzi, Tharsisi, alimwambia siku ya kwanza.

"Huyu hakuja kuona mtu, mwanangu. Amekuja kula."

Tharsisi akafungua, akaleta na benchi. Tunamshukuru. Mwezi huu limebandikwa tangazo kwamba watoto wa watumishi wasiingie. Tharsisi alimsomea Vestina akiwa ameinamisha kichwa, akamwomba radhi kana kwamba ameliandika yeye. Mchana Akimana hutoka akamnyonyesha nje ya geti; usiku yuko peke yake na hawezi kutoka.

Kuanzia Jumatatu Akimana ana wiki mbili mfululizo za bluu. Ameandika barua ya kuacha kazi.

"Mama, sijui niipeleke au niichane," alimwambia Vestina.

Akiondoka, kituo kitabaki na mkunga mmoja, asiye na mtu wa kumpokea. Hapo zamu itakuwa ndefu kweli.

OMBI
Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba jina moja lihamie mchana mpaka mtoto aanze kula uji. Ratiba tumekuja nayo, na kalamu pia. Ni fupi lakini inaandika.

Mungu akufikishe salama, na wa nyumbani kwako awape usingizi wa kutosha. Utupitie tena kabla mwezi haujaisha, mgeni wetu. Uje jioni, umkute Akimana nyumbani.

Ni sisi,
Bibi Walezi wa Watoto wa Zamu